Waoo Aliyopewa Sufiani

Magomeni, Bagamoyo
19 Julai 2025

Kwa mke wangu Kibibi, aliyeko Pangani.

Assalaam alaykum.

Mimi ndiye Mikidadi bin Mwishehe, miaka yangu sabini na tisa kwa cheti, na kwa hesabu ya mama yangu ilikuwa zaidi. Nimezika ndugu sita. Nimemzika fundi aliyenifundisha kazi, na wale vijana wawili walioniambia mwaka sabini kwamba wachimba visima hawafiki hamsini, nimewaswalia wote wawili. Kipindupindu kimenipita. Ukuta wa kisima cha Zinga uliniangukia nikatoka na meno yangu yote. Visima nimechimba sitini na tatu, kutoka Mlingotini mpaka Ubena, na vilivyotoka chumvi ni vitatu tu, na hivyo vitatu, wenye viwanja ndio walionionyesha pa kuchimba. Haya unayajua. Nakukumbusha ili ujue ni mtu wa namna gani uliyemfanya achekwe.

Sasa sikiliza. Jumapili ulipopiga simu nilikuwa kibarazani na wenzangu tunacheza dhumna. Masikio yangu mazima lakini ile simu ina sauti ndogo, nikaiweka spika. Ukasalimia vizuri, ukasema binti yetu Ashatu hajambo na kichanga chake hajambo. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yako, nikaijua hapo hapo, maana Sufiani akisema ni kama anaita watu bandarini. Akasema, "Njoo uone, Bi Kibibi, nafungua." Ukaniambia, "Subiri, Baba Ashatu." Nikasubiri. Nikasikia maji yanamwagika, halafu nikakusikia wewe. Ulisema waoo.

Wala hukuisema kidogo. Uliivuta. Maulidi akaweka kete yake chini akaniuliza, "Mzee, huyo ni shemeji au ni redio?" Tangu siku hiyo nikipita sokoni naamkiwa waoo, hata muuza kahawa ananiamkia hivyo, mtu niliyemchimbia baba yake kisima.

Kibibi, nimekuoa mwaka sabini na sita. Mwaka sabini na tisa nilileta redio, ya kwanza mtaa huu, ukasema, "Weka pale." Mwaka themanini na nne nikachimba kisima uani kwetu, futi thelathini na moja, mahali ambapo bwana wa maji wa serikali alisema hapana kitu ila maji ya bahari, na yakatoka maji matamu, watu wakatoka Kaole kuja kuonja. Wewe ulionja ukasema, "Ni maji," ukaingia ndani ukafukiza ubani nyumba nzima mpaka nikakohoa mbele ya wageni. Mwaka tisini na moja nikaezeka mabati, ukasema, "Sasa mvua itapiga kelele." Sikukulaumu. Nilisema ndivyo alivyoumbwa, mwanamke huyu hana neno la kustaajabu. Kumbe unalo, ulikuwa umemwekea Sufiani.

Usinifanye mtoto. Najua ni ami yake mkwe wetu Najim, na kwamba ua ni mmoja. Najua pia alileta posa kwenu kabla yangu.

Arobaini ya mtoto ni tarehe 18 Agosti. Desturi yetu mume aje, ale, achukue mkewe warudi. Mimi sitakuja. Na wewe unajua, na Pangani nzima inajua, mke asiyefuatwa siku hiyo anahesabiwa vipi. Ukitaka nije niandikie mambo matatu: neno hilo umelipata kwa nani, maana yake nini, na kwa nini amepewa yeye. Usipige simu, imeharibika. Barua mpe Abdulazizi, dereva wa gari la samaki anayeleta hii. Nitaisoma mwenyewe. Cheti changu cha elimu ya watu wazima bado kiko ukutani.

Ni mimi mumeo kwa sasa,
Mikidadi bin Mwishehe


Pangani
23 Julai 2025

Baba Ashatu,

Wa alaykum salaam. Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimeketi.

Umeuliza, nakujibu. Neno nimelipata kwa wageni wa Ashatu. Wanaokuja kumtazama mzazi hapa wanasema waoo kwa kitanda, waoo kwa pazia, waoo kwa uji wa pilipili manga nilioupika mimi. Limeniingia kama wimbo wa harusi ya jirani unavyokuingia bila kualikwa. Maana yake ni kushangaa tu. Na kwa nini amepewa Sufiani, ni kwa sababu ya tangi lake. Kaleta watu wa mashine wametoboa ardhi kwa siku moja, bomba limeshuka mbali huko chini, juu ya paa wameweka vioo vya sola, na jua likichomoza maji yanapanda yenyewe mpaka kwenye tangi jeusi kubwa kuliko jiko letu, halafu yanashuka kwa bomba mpaka jikoni, mpaka chooni, mpaka kwenye mche wa ndimu. Hakuna anayevuta kamba. Mimi nimevuta kamba miaka arobaini na moja, Baba Ashatu. Koki ilipofunguliwa neno likanitoka. Sikujua hata kama nimelisema mpaka uliponiuliza.

Sufiani ana miaka themanini na moja, anatembea na mkongojo, na sikio moja halisikii. Ndiyo maana anapiga kelele.

Nina ombi. Mpe Abdulazizi chetezo changu cha ubani, kile cha udongo kilichopasuka mdomo. Kiko stoo nyuma ya mtungi. Hapa wanacho cha shaba na kingine cha umeme, lakini mimi nataka changu, nakihitaji kabla ya arobaini. Na kisima kifunike vizuri, usiache wazi.

Kuja au kutokuja ni kwako. Nguo zangu nitazifunga tarehe 17.

Mkeo,
Kibibi


Magomeni, Bagamoyo
26 Julai 2025

Kwa Mwalimu Bwanausi, Lugoba.

Mwalimu, assalaam alaykum. Ni mimi mwanafunzi wako wa darasa la watu wazima la mwaka sabini na nne, yule aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake bila kutazama ubao. Wengine watakwambia alikuwa yule mwenzetu wa Kiromo, si kweli, yeye alitazama.

Nataka unisaidie jambo la Kiingereza. Kuna neno waoo. Mke wangu amelisema kwa mwanamume mwingine, juu ya tangi la maji, mbele ya watu, kwa spika. Yeye anasema maana yake ni kushangaa tu. Neno "tu" hilo, Mwalimu, nimekaa nalo siku tatu.

Nimefanya uchunguzi wangu. Nimemuuliza Feisal, anayetembeza wageni Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo. Kasema wageni wake wanalisema kwa kila kitu, waoo kwa mlango wa nakshi, waoo kwa mbuzi aliyelala juu ya kaburi, na mmoja alisema waoo soli ya kiatu chake ilipobanduka. Nikamwambia hilo si jibu. Mimi nikitaka kukijua kisima sitazami ndoo, nauliza maji yanatoka upande gani. Basi na neno hili nataka asili yake. Nani alilisema kwanza, alikuwa ameona nini, na je, ni neno ambalo mke wa mtu anaweza kumwambia mtu asiye mumewe likawa si kitu?

Mtu mwenyewe ni Sufiani wa Pangani. Alikuwa mpishi wa meli, anajiita baharia. Kisima chake kimechimbwa na mashine. Yeye hakushika hata sururu.

Nijibu upesi, kuna tarehe inayokuja.

Mwanafunzi wako,
Mikidadi bin Mwishehe


Lugoba
31 Julai 2025

Mzee wangu Mikidadi,

Shikamoo. Nilikufundisha nikiwa na miaka ishirini nawe ukiwa mtu mzima mwenye mke njiani, kwa hiyo shikamoo ni yako hata kama chaki ilikuwa yangu.

Nimetazama kamusi zangu zote mbili. Neno lako limetoka Uskochi, kaskazini ya Uingereza, na limekutwa katika maandishi ya huko tangu zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Nani alilisema kwanza hakuna ajuaye. Aliyeliandika kwanza hakika alilisikia kwa mwingine. Waskochi hao hawakulitumia kwa kushangaa peke yake. Walilisema wakichukizwa, walilisema wakistaajabu, walilisema wakihuzunika na wakimwonea mtu huruma, na pengine walilisema kwa kukazia maneno tu, kama sisi tunavyosema "ati." Waingereza wengine waliita hivyo mlio wa mbwa. Wamarekani, yapata miaka mia moja iliyopita, wakalifanya jina la mchezo au onyesho lililopendwa sana. Hata mafundi wa santuri walilichukua: sahani ikizunguka kwa kuyumba, sauti ikawa inapanda na kushuka, kuyumba huko ndiko walikokuita hivyo.

Kwa hiyo ni pumzi, Mzee wangu, inayotoka kabla ya akili kufika. Sisi tuna lo, tuna ala, tuna masalale, na miaka yote niliyofundisha hakuna aliyeniuliza ala imetoka wapi.

Swali lako la mwisho halimo kwenye kamusi. Nitakwambia la kwangu. Marehemu mke wangu Shamsia alikuwa akisema "lo" kwa muuza maziwa kila asubuhi, kwa jinsi maziwa yake yalivyokuwa mepesi au mazito, sikupata kujua. Kwangu mimi alisema mara moja tu, nilipoanguka kutoka kwenye ngazi. Nami nilikuwa namwonea kijicho muuza maziwa. Sasa hivi ningempa muuza maziwa zile lo zote, ilimradi nisikie mtu anatembea chumba cha pili.

Nenda kwenye arobaini.

Wako,
Bwanausi


Magomeni, Bagamoyo
4 Agosti 2025

Kibibi,

Mwalimu Bwanausi amejibu, kurasa mbili. Neno lako ni la Waskochi, lina miaka mia tano, na wenyewe walilitumia kwa mambo manne: kuchukizwa, kushangaa, kuhuzunika na kumwonea mtu huruma. Nimekurahisishia. Chagua katika matatu. Ulichukizwa na tangi, au ulihuzunika, au ulimwonea Sufiani huruma kwa mkongojo wake. Kushangaa nimekufuta. Ukichagua moja katika hayo matatu nitalisoma kibarazani mbele ya Maulidi na wenzake, na jambo litakwisha.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko tangi.

Simu haikuharibika. Niliitupa kisimani siku ile ile. Sijuti, ila Maulidi amekataa kunywa kahawa kwangu, anasema ina ladha ya betri. Basi Jumamosi nikashuka kuitoa. Nimeshuka mwenyewe, kamba wameshika Feisal na Maulidi, miaka sabini na tisa, futi thelathini na moja, bila ngazi. Waliniambia aende kijana. Nikawauliza kijana gani anayekijua kisima hiki.

Simu sikuipata, imezama kwenye tope. Wakati wanapandisha kamba, kiasi cha urefu wa mkono mmoja chini ya mdomo wa kisima nikakutana na kile kishubaka nilichokiacha nilipokuwa najengea mawe, cha kuweka kandili. Sijakitazama tangu siku nilipomaliza kazi. Kibibi, ni cheusi. Masizi yameganda unene wa kidole, yananata, na kwenye masizi kuna vipande vya ubani, na harufu yake mbichi si ya zamani. Nilipotoka na mkono mweusi Feisal akasema waoo. Nikamwambia afunge mdomo.

Sasa nakuuliza. Mwanamke anayefukiza ndani ya kisima cha mumewe kwa siri, anamwita nani? Wenzangu niliwaona wakitazamana. Uganga wa maji si kitu cha mchezo na mimi ndiye ninayeyanywa. Na hapo hapo unaniandikia nikupelekee chetezo Pangani, chetezo kile kile, kwenye ua wa Sufiani, kabla ya siku yenyewe. Kwani huko unajifukizia nani? Mimi sina elimu nyingi lakini mistari miwili naweza kuiunganisha.

Na la tatu. Tangi umenieleza mpaka mche wa ndimu. Mjukuu wangu, ambaye Ashatu kamtafuta miaka kumi na moja, hujaniandikia hata kama ana nywele. Jina lake Adila nimeambiwa na Abdulazizi. Dereva wa samaki.

Chetezo sikileti. Nakupa mpaka Jumatatu ijayo. Usiponijibu, tarehe 18 kiti changu kitakuwa kitupu, na watu wafasiri wenyewe.

Mikidadi


Pangani
9 Agosti 2025

Baba Ashatu,

Nachagua la kushangaa, ulilonifuta. Nilishangaa. Sitasema uongo ili ukasomwe kibarazani.

La pili nakujibu, nami sikutaka kulijibu mpaka tuzikwe.

Unamkumbuka Yusuf. Alikuwa na miezi saba. Ulikuwa Ubena, kile kisima cha mwamba kilichokuchukua mwezi mzima. Siku moja walikuja wanawake wa mtaani, nikamtoa mtoto nimemwogesha, anang'aa kwa mafuta ya nazi, nikamwinua juu mbele yao nikasema, "Tazameni mwanangu. Mmepata kuona kitu kizuri kama hiki?" Hivyo hivyo. Sikusema mashaallah. Si kwamba nilikataa, nilisahau kwa furaha. Jioni akashikwa na homa. Siku ya nne tukamzika. Uliporudi udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Nikakwambia ni homa, na ni kweli ilikuwa homa. Lile neno sikukwambia.

Nimewauliza mashekhe wawili, mmoja Bagamoyo, mmoja hapa. Wote wameniambia siku zake ziliandikwa na hakuna mdomo wa mtu unaofuta. Nimewakubali. Kichwa kimekubali, lakini mdomo haujakubali mpaka leo. Tangu siku ile chochote kilicho changu sikisifu. Nakiita jina lake basi, halafu nakifukiza.

Redio yako niliiambia "weka pale" na usiku wake haukupita bila ubani. Mabati nimeyafukiza bati kwa bati ulipokwenda Mbegani. Na maji yale ya mwaka themanini na nne. Uliniona nimeonja nikasema ni maji. Mikidadi, yalikuwa matamu kuliko maji yote niliyopata kuonja. Kaole yote imesimama uani, kila mtu anasifu, wengine hata mashaallah hawasemi, nami nawatazama midomo yao. Nikakimbilia chetezo. Wewe ukakohoa, ukakasirika, ukakichukua ukakitupa nje mbele za watu. Ndipo kilipopasuka mdomo. Hujawahi kuniuliza kwa nini sikununua kipya.

Kwa hiyo nikawa nakifukiza kisima Ijumaa, ukishakwenda msikitini. Nalala kifudifudi, naingiza mkono mpaka kwenye kishubaka chako, naacha moshi ushuke. Miaka arobaini na moja. Hakijakauka hata kiangazi kile kilichokausha visima vya watu wote mpaka Kiromo. Wewe ulisema kibarazani ni ufundi wako. Nilikusikia kutoka ndani, nikaongeza ubani.

Tangi la Sufiani likipasuka kesho litakuwa limepasuka la Sufiani. Naweza kulisifu kutwa nzima na nikalala usingizi. Waoo ni neno la vitu vya watu, Baba Ashatu. Hukuwahi kulisikia kwa sababu hukuwahi kuniletea kitu cha mtu mwingine.

Na mtoto, sasa fikiri mwenyewe kwa nini sijaandika. Wanakuja wamejaa chumba, waoo juu ya uso wake, waoo juu ya vidole vyake, simu zimeinuliwa, na mimi nimekaa pembeni nimefumbata mikono kama mwizi. Ashatu anaona kama simpendi binti yake. Hiki chetezo chao cha shaba sikiamini, hakijapata kulinda kitu chetu hata kimoja. Ndiyo maana nataka kile.

Posa ya Sufiani ilikuja, kweli. Marehemu baba aliniita akaniuliza nasemaje, na yako ilipokuja akaniuliza tena. Sahau yote, hilo usilisahau. Niliulizwa mara mbili.

Kibibi


Magomeni, Bagamoyo
11 Agosti 2025

Kibibi,

Nimesoma.

Chetezo nimekifunga ndani ya shuka langu la kuswalia. Sitampa Abdulazizi, atakivunja. Nakuja nacho mwenyewe.

Mikidadi


Magomeni, Bagamoyo
21 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Bwanausi, Lugoba.

Mwalimu, assalaam alaykum. Kamusi zako zote mbili zina upungufu, nakuandikia uzisahihishe. Maana ya tano ya neno lile ni kusifu kitu cha mtu mwingine. Mfano wake ni huu unaofuata.

Nilifika Pangani tarehe 17, nimekaa mbele kwenye gari la samaki, chetezo mapajani. Abdulazizi alisema nikiweke nyuma na matenga, nikamwambia yeye na matenga yake wakae nyuma.

Asubuhi ya arobaini wakaniletea mtoto. Mwalimu, unanijua. Kuanzia Mlingotini mpaka Ubena wananijua. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, wakanigeukia wote, maana sifa za mdomo wangu zilikuwa zimefika kabla yangu, wakangoja niseme. Nikaweka macho kwenye ule uso. Nimeona maji yakitoka ardhini mara sitini na tatu na kila mara nilikuwa na la kusema kabla ndoo haijafika juu. Hata pale maneno nilikuwa nayo. Nikamwinamia sikioni nikasema mashaallah, kwa sauti ambayo hata yeye sijui kama aliisikia. Halafu nikainua kichwa nikauliza, "Mkaa uko wapi?"

Ashatu akaanza kulia. Akasema, "Baba naye hajampenda." Kibibi akamjibu, "Mwache baba yako. Hajapata kusema maneno mengi kama leo."

Tukafukiza, mimi na yeye. Mimi nilipuliza mkaa, yeye akaweka ubani. Miaka arobaini na tisa ya ndoa na nilikuwa sijui kwamba anahesabu chembe saba.

Baada ya kula Sufiani akanifuata na mkongojo wake. Bado simpendi, Mwalimu, nisikudanganye. Anamwita mke wangu Bi Kibibi kana kwamba mimi nimekuja kuuza samaki, na kanzu yake imepigwa pasi mno kwa mtu wa umri ule. Akanipigia kelele, "Njoo uone, Mikidadi, nafungua." Akafungua koki. Maji yakamwagika kwa nguvu. Yana chumvi. Mimi sihitaji kuonja, naijua kwa harufu, na ile ndimu yake haitazaa. Watu wote uani wamesimama wanatutazama, na Kibibi amesimama mlangoni ameushika mdomo kwa ncha ya kanga.

Nikasema waoo. Niliivuta ndefu, kuliko ile iliyokuja kwa spika. Mzee wa watu akafurahi mpaka mkongojo ukamwanguka. Nikamwokotea, nikasema tena.

Tumerudi jana. Kibibi amekagua nyumba chumba kwa chumba, akasema pana vumbi. Kisima nimemwambia kina simu. Akasema kitazoea.

Kesho ni Ijumaa. Baada ya swala nitakaa kidogo msikitini, sina haraka ya kurudi.

Kama kuna usiloamini katika haya, la safari muulize Abdulazizi. La kushuka kisimani bila ngazi waulize Feisal na Maulidi, walishika kamba na viganja vyao vina alama. La tangi muulize Sufiani mwenyewe, atakueleza kwa furaha, simama upande wa sikio lake la kulia. Kibibi usimuulize. Ukimuuliza habari zangu atakwambia nipo tu, kisha ataingia ndani kutafuta mkaa.

Mwanafunzi wako,
Mikidadi bin Mwishehe